Ua la Mama Aliya Chini ya Ngazi

Nyamongo alikuwa mtu wa kuamini udongo. Alikulia kwenye vilima vya Kisii, akateremka Masara akiwa kijana kutafuta dhahabu, akachimba huko na baadaye Macalder, mpaka kifua chake kikaanza kupiga filimbi kila alipovuta pumzi. Daktari alimwambia aachane na vumbi la mashimoni, naye hakuwa na tabia ya kumwomba mtu shauri kisha akalipuuza. Akaachana nalo. Sasa alikuwa msimamizi wa ploti ya ghorofa tatu nyuma ya soko la Migori. Alifungua maji alfajiri, akazibua mitaro, akabadilisha balbu za ngazini, akaamua ugomvi wa wapangaji waliogombania kamba za kuanikia nguo. Watu huiita kazi ndogo. Lakini ploti isiyo na mtu mwaminifu hujulikana hata na mgeni anayepita nje, na hii haikuwa mojawapo ya hizo.

Ndiyo sababu Asiya, muuza vitambaa ambaye majirani walimwita Mama Aliya, aliyekaa ghorofa ya juu na mumewe Abdirahim, alipopata habari kwamba mama yake ni mgonjwa Isiolo, alishuka ngazi na ndoo mikononi akimtafuta Nyamongo. Ndani ya ndoo hiyo, iliyowahi kuwa ya rangi, lilisimama ua ambalo Nyamongo hakuwa amewahi kulitazama kwa karibu. Mashina yake yalikuwa na vifundo kama muwa mwembamba. Majani yalikaa upande kama mabawa, mgongo wa kijani ulionyunyiziwa madoa meupe, na tumbo jekundu la kukoza, kana kwamba kila jani lilikuwa na upande wa siri.

Asiya alieleza kwamba mama yake ndiye aliyelikata tawi hilo nyumbani kwake na kumfungia katika kitambaa chenye maji, siku alipoolewa kuja Migori. Lilipenda kukaa ndani. Linyweshwe kidogo udongo ukikauka, lisiwekwe nje, kwa kuwa jua la mchana lingeliunguza na mbuzi wa mtaa wangemaliza kilichobaki. Nyumba ingefungwa kwa kufuli, maana ilijaa marobota ya vitambaa na Abdirahim alikuwa anasafiri pia.

“Mzee Nyamongo, mama akiondoka sitapata jingine,” akasema. “Nikirudi nilikute.”

“Utalikuta,” akajibu Nyamongo.

Hakuuliza lolote zaidi. Hakuuliza lilikuwa likikaa wapi kule juu, wala lilitazama nini. Watu wema wengi hukosea hapo hapo: huwa wepesi kuahidi na wazito kuuliza, wakidhani nia njema inatosha kufanya kazi yote.

Nyamongo na mkewe Eucabeth walikaa katika chumba kilichojibana nyuma ya ngazi, sakafu ya chini. Kilikuwa na dirisha moja, nalo lilitazama ukuta wa ploti ya jirani, karibu kiasi kwamba ungenyoosha mkono ukaugusa. Ukuta huo ulikuwa mweusi kwa moshi wa miaka mingi na ukungu wa mvua. Mchana, Eucabeth akitaka kuchagua mchele, alichukua sinia akaenda kukaa mlangoni. Lakini kwa mtu aliyetumia nusu ya maisha yake ardhini, chumba kile kilikuwa na mwanga tele. Haikumwingia akilini kwamba ni cha giza. Akaliweka ua kwenye stuli karibu na redio, mahali pa heshima.

“Marobota yamefungiwa, jani ndilo umeachiwa,” Eucabeth akamtania. “Shukuru Mungu hawana paka.”

Wiki ya kwanza ua lilisimama vizuri. Wiki ya pili jani la chini likageuka manjano na kuanguka bila kuguswa. Nyamongo akaliokota, akaligeuza, akalitazama tumbo lile jekundu. Kesho yake likaanguka jingine. Madoa meupe yalianza kufifia, na shina lililochipua juu lilikuwa jembamba, refu, la rangi ya mtu aliyetoka hospitali.

Mchimbaji akiona mambo yameharibika juu, hutafuta sababu chini. Nyamongo alichota udongo wa ndoo, akausaga kwa vidole, akaunusa. Akautia kwenye karai na maji, akauzungusha kwa mkono ule ule uliokuwa ukitenganisha mchanga na dhahabu, akichungulia ukingoni kama kuna funza au yai la mdudu.

“Baba Moraa,” akasema Eucabeth, aliyekuwa akimtazama tangu mwanzo, “ukiipata hiyo dhahabu uniambie mimi kabla ya Mama Aliya.”

Hakupata kitu. Udongo ulikuwa mzuri. Kwa kuwa hakuamini kwamba ni mzuri, akaubadilisha. Alitembea hadi mtoni, akapita mbali na mahali ambapo watu huosha dhahabu, kwa sababu udongo ulioguswa na zebaki aliujua na hangeuweka hata chini ya magugu. Akarudi na udongo mweusi wa mfinyanzi wa kingo za mto, akalihamisha ua, akalinywesha vizuri. Lilijibu kwa kuangusha majani matatu kwa mpigo.

Katika siku hizo alipita Dishon, rafiki yake wa mashimoni, akitoka kwake Kendu Bay kuja kumwona dada yake mjini. Wakati wa Masara, Nyamongo ndiye aliyeshuka na Dishon ndiye aliyeshika kamba juu, na watu waliowahi kushirikiana hivyo huzungumza bila kuzungukana. Dishon alikunywa chai, akalitazama lile ua, akacheka mpaka akakohoa. Akasema kando ya barabara ya Isebania kuna wauza miche, na ameona pale ndugu yake hasa hili, majani mabawa, tumbo jekundu, limeshiba.

“Omera, ndugu yangu, majani hayana kitambulisho,” akasema. “Nunua lile, litie kwenye ndoo hii, mama wa watu afurahi na wewe ulale.”

Eucabeth alimwongezea Dishon chai bila kuombwa, na Nyamongo akaelewa kura imekwenda upande gani.

Alikwenda kuliona. Dishon hakudanganya. Lilikuwa lile lile, hata kimo, na muuzaji alikuwa tayari amelishika. Nyamongo alisimama pale akiligeuza. Kama angetaka kujidanganya, sababu zilikuwa nyingi na zote zilisikika kama huruma: mgonjwa asiongezewe huzuni, binti asilie mara mbili. Uongo mwingi hutoka nyumbani umevaa nguo za huruma. Lakini alichokabidhiwa hakikuwa ua la namna ile. Kilikuwa ua lile. Akamrudishia muuzaji mche wake, akamshukuru, akaondoka mikono mitupu. Eucabeth alipomwona hivyo alitoa sauti ya midomo, akaendelea kukunja nguo.

Siku mbili hazijapita, ujumbe ukaingia kwenye simu ya Eucabeth. Asiya alikuwa anaomba picha. Mama yake alikuwa ameanza kula, na jambo la kwanza aliloulizia lilikuwa ua.

Upande mmoja wa ndoo ulikuwa bado na majani manne yaliyopangana vizuri. Upande wa pili ulikuwa fimbo tupu. Eucabeth aliinua simu, akasogeza stuli kwa mguu ili fimbo zijifiche nyuma. Nyamongo akashika ndoo, akaizungusha, upara wote ukatazama simu.

“Piga hivyo,” akasema.

“Utamuua yule mama huko alikolala.”

“Nilimwambia atalikuta. Na alijue analolikuta.”

Picha ikaenda. Jibu halikuja siku hiyo, wala usiku. Nyamongo hakuwa na hamu ya chakula. Kesho yake mchana likaja, maneno machache: *Nimeona. Usiling'oe.* Eucabeth alimsomea mara mbili, na hawakuweza kujua limeandikwa kwa hasira au kwa machozi.

Sabato ilipofika, Nyamongo alirudi kutoka kanisani, akala, akakaa. Siku ya Sabato hakugusa jembe, wala karai, wala udongo wa namna yoyote. Hilo alilishika tangu kwa baba yake. Siku nyingine angekuwa ameinamia ndoo akifukua. Siku hiyo alikatazwa kufukua, kwa hiyo akabaki kulitazama ua lenyewe, alasiri nzima, mikono magotini. Ndipo akaona jambo ambalo lilikuwapo wakati wote. Majani yale manne yalikuwa yameligeuzia dirisha kisogo. Yote yalitazama mlango.

Akashangaa. Dirisha ndilo lililokuwa karibu. Akatazama dirishani, akaona ukuta mweusi. Akatazama mlangoni, akaona uwanja wa ploti na nguo nyeupe za wapangaji zikiwaka juani. Aliinyoosha mikono yake mbele ya dirisha, akatafuta kivuli chake kwenye sakafu, hakukipata. Akaenda mlangoni, kivuli kikaja, hafifu lakini chenye vidole.

Jioni Sabato ilipokwisha aliigeuza ndoo, majani yakatazama dirisha. Katikati ya wiki yalikuwa yamekwisha kurudi mlangoni, polepole, kama watu wanaogeuza shingo kanisani mhubiri asiwaone. Akaigeuza tena. Yakarudi tena. Jambo hilo lilimfurahisha kuliko alivyotaka kukiri, maana ua lilikuwa bado hali mbaya na haukuwa wakati wa kufurahi. Lakini kitu kisicho na macho kilijuaje mlango ulipo?

Akakumbuka swali la ujanani ambalo hakuna aliyewahi kumjibu. Kule Macalder kulikuwa na mashimo ya zamani yaliyoachwa, na kuta zake ziliota majani ya aina ya mwani na vijimimea vyenye manyoya, kijani kizuri, kuanzia mdomoni kwenda chini. Kisha pakawa na mstari. Chini ya mstari ule hapakuwa na kitu, hata kama udongo ulikuwa ule ule na maji yalitiririka yale yale. Aliwauliza wakubwa zake kwa nini kijani kinaishia pale, wakamwambia hakuja kuchimba majani. Sasa, mtu mzima mwenye mvi, alilipata jibu akiwa ameketi kwenye kiti chake mwenyewe: chumba chake kilikuwa chini ya mstari.

Tatizo lilikuwa la mwanga, na mwanga mashimoni aliujua kuupata. Wakati wa Masara, kabla tochi hazijawa za kila mtu, Dishon alisimama mdomoni mwa shimo na kioo, akalikamata jua, akalitupa chini moja kwa moja mpaka Nyamongo akauona mwamba. Basi akachukua kioo cha Eucabeth cha ukutani, akakiegemeza kwenye mtungi uani mahali jua lilipofika adhuhuri, akakiinamisha hivi na vile, na mraba wa jua ukapita mlangoni ukaangukia ua barabara. Madoa meupe yakang'aa. Nyamongo akacheka peke yake.

Wakati huo huo mpangaji wa ghorofa ya pili akapiga kelele kwamba maji yanafurika jikoni kwake. Nyamongo akapanda. Bomba lilikuwa limepasuka, na kazi hiyo haikuisha upesi. Aliposhuka, mraba wa jua ulikuwa umeshasogea ukutani, lakini ulikuwa umemaliza kazi. Majani mawili yalikuwa na mabaka ya kahawia, makavu, kama shati lililosahauliwa chini ya pasi.

Alimpigia Dishon simu, si kwa sababu alihitaji msaada, bali kwa sababu alihitaji mtu wa kumwambia kwamba ni mpumbavu, na Eucabeth siku hiyo alikuwa amemhurumia. Dishon alisikiliza mpaka mwisho.

“Kioo umekumbuka,” akasema. “Gunia je?”

Gunia. Shimo lilipofika chini lilikata kona kufuata mwamba, na jua halikati kona. Pale konani waliwamba gunia jeupe la unga, jua likaligonga, na ni gunia lililowaangazia, mwanga laini uliojaa handaki lote bila kumchoma mtu macho. Hakuna aliyefanya kazi ndani ya lile jua lenyewe. Alikuwa amekumbuka nusu ya ufundi wake na kusahau nusu nyingine, na ua la watu ndilo lililolipia.

Alirudi chumbani, akachungulia dirishani, akautazama ule ukuta mweusi kwa jicho jipya. Gunia lilikuwa limesimama pale miaka yote, limechafuka tu.

Ukuta ulikuwa wa Bitutu, mjane mwenye ploti ya jirani, na Nyamongo alikwenda kumwomba ruhusa ya kuupaka chokaa. Bitutu alimsikiliza kwa mashaka makubwa. Mjini Migori mtu hapaki ukuta wa mwenzake bure. Leo ni chokaa, kesho ni mpaka, keshokutwa ni mahakama. Alimtaka arudi na watu wa kusikia. Nyamongo akarudi na wapangaji wawili wa kila upande.

“Sema huu ukuta ni wa nani,” Bitutu akaamuru.

“Ni wako, Mama.”

“Na chokaa ikishakauka?”

“Ni wako, na chokaa ni yako.”

“Basi paka. Na usipake vibaya.”

Alijibana katika ule uchochoro kwa ubavu, akasugua moshi kwa brashi ya chuma huku kitambaa kikiwa kimefunga pua na mdomo wake, kwa ajili ya kifua, akapaka mara moja, ikakauka, akapaka tena. Alipoingia ndani, Eucabeth alikuwa amesimama katikati ya chumba, ameshika kiuno.

“Baba Moraa, sisi tumekuwa tukiishi humu?” akauliza.

Mwanga ulikuwa umeingia. Haukuwa jua, ulikuwa weupe mtulivu uliotoka ukutani ukajaa mpaka nyuma ya kabati. Uliionyesha dari yenye masizi, utando wa buibui juu ya redio, na kola ya shati alilokuwa amelivaa Nyamongo kanisani akidhani ni safi. Eucabeth alifua na kusugua siku nzima, akimlaumu yeye, ua, na Mama Aliya kwa pamoja.

Nyamongo aliirudisha ndoo kwenye stuli, hatua moja kutoka dirishani, akapunguza maji. Udongo ule mzito wa mtoni aliutoa pole pole, akautia mwingine mwepesi, na tangu hapo hakuugusa tena. Kila asubuhi aliweka mkono mbele ya ukuta wa ndani kuangalia kivuli. Siku ya mawingu kilikuwa moshi tu, siku ya jua kilikuwa na vidole. Hakumwambia mtu kwamba alikuwa akisubiri siku za vidole.

Majani mengine mawili yaliyobaki mazima yaligeuka, safari hii kuelekea dirishani. Kisha, kwenye kifundo kimoja cha shina tupu, kikatokea kitu chekundu kidogo kama ncha ya ulimi wa mtoto. Baadaye kingine. Kilipojifungua, jani lilikuwa dogo kuliko ukucha, na tayari lilikuwa na madoa yake na tumbo lake.

Asiya alirudi mvua zilipoanza. Mama yake alikuwa amepona kiasi cha kukaa na kutambua watu. Asiya alipitia chini kabla hata ya kupanda kwake, begi begani, akaketi, akaivuta ndoo magotini. Alilikagua ua kama anavyokagua kitambaa, uzi kwa uzi.

“Umelichoma,” akasema.

“Nililichoma. Kwa kioo.”

“Na huu si udongo wangu.”

“Si wako. Wako ulikuwa mzuri, nikautupa.”

Akaeleza yote, tangu stuli hadi ukuta wa Bitutu, bila kujitetea, na Asiya hakumsaidia kwa kutabasamu. Alikuwa amekasirika, na alikuwa na haki. Mwishoni akauliza kwa nini hakununua jingine, maana hata yeye ameyaona kwa wale wauza miche wa barabarani.

“Niliambiwa ninunue,” akasema Nyamongo. Eucabeth akatazama ndani ya kikombe chake.

Asiya aligusa lile jani dogo kwa ncha ya kidole.

“Nisingejua,” akasema taratibu. “Wallahi, nisingejua kamwe. Ningemtumia mama picha, naye angefurahi, na sote tungekuwa tunapenda ua la mtu mwingine.”

Kisha akasema kwamba labda libaki hapo chini mpaka lipate nguvu, kwani mahali hapa limeshapazoea. Ulikuwa msamaha, na mwingine angeupokea haraka. Nyamongo alikataa. Amana hurudishwa siku mwenyewe anaporudi, akasema, ikiwa nzima au ikiwa na makovu. Si juu ya aliyeiharibu kuchagua siku makovu yataonekana.

Akaibeba ndoo mwenyewe, wapangaji wakitazama zile fimbo tupu zikipanda ngazi. Juu, Abdirahim, aliyetangulia kupanda, alikuwa amefungua madirisha, na sebule ilijaa jua mpaka juu ya marobota. Nyamongo alisimama mlangoni, akaupima mwanga ule kwa macho, kifua kikipiga filimbi kwa sababu ya ngazi.

“Hapa mwanga ni mwingi mno kwa sasa,” akasema. “Litashtuka.”

Asiya akaliachia pazia jepesi la dirisha, akalishusha nusu. Nyamongo akatikisa kichwa. Asiya akalishusha lote, akasogea pembeni, akamwachia Nyamongo achague mahali pa kuiweka ndoo.